Upana wa Kidole cha Mwisho

Siku tatu sasa mbao zimelala chumbani kwako, mama Nambozo,
juu ya vijiti, maboksi wazi,
na kila asubuhi unachungulia mlangoni, kikombe mkononi:
"Fundi Khaukha, nakulipa uzilinde zikilala?"

Ndiyo, mama. Mgeni siku mbili,
siku ya tatu mpe jembe, walisema.
Lakini huu ni Aprili, Wanale amejifunika blanketi hadi masikioni,
mimi naongeza ya nne.

Niliwahi kuharakisha.
Nyumba ya mwenye duka la vipuri, kule Namakwekwe.
Mbao zilishuka kwenye lori na ubichi wa safari,
jioni zikawa sakafu. Nilizibana ukuta kwa ukuta,
hata wembe usingepita,
nikajipiga picha nimesimama juu yake.
Wiki ya pili mvua ikaja.
Sakafu ikavimba, ikainuka katikati ya sebule
mfano wa kaburi bichi.
Watoto wake waliipanda na kuteleza, wakicheka.
Yeye hakucheka.
Hakunilipa salio, na mimi sikudai.

Mkweo Wamimbi alipita jana akauliza,
"Nyasi? Mnatandika nyasi ndani, kama zizi?"
Nilinyamaza, kwa sababu ni kweli.
Mwanzi ni nyasi, ndugu wa muwa na mahindi,
na mimi na yeye tumelelewa kwa machipukizi yake,
maleewa yaliyokaushwa kwa moshi, yakazama katika karanga.
Ila lile chipukizi lililokikwepa chungu cha mama zetu
hubaki mlimani miaka mitano,
upepo ukiligonga, ukungu ukiliosha,
hadi msumeno ukiligusa unapiga yowe.
Lililokatwa na miaka miwili hung'aa vilevile dukani.
Mguu wa kiti ndio utakaokuambia.

Usiku nilibandika kipande cha nailoni juu ya zege,
pembe zote nne kwa gundi ya karatasi.
Asubuhi nikakibandua: hakuna hata tone.
Basi, mama, leta chai. Leo tunaanza.

Safu ya kwanza ndiyo tabia ya chumba.
Ikipinda nywele moja hapa dirishani,
kule mlangoni itakuwa imepotea kabisa.
Nikavuta uzi. Nikapiga magoti.
Ulimi wa ubao huu ukaingia mdomoni mwa ule,
nyundo ya mpira ikasema tu, tu,
kisha sauti ikabadilika, ikawa nene,
nikajua zimeshikana.

Ulipoona nafasi ukutani uliweka kidole chako cha mwisho,
kikaenea.
"Umepunja, fundi. Hapa panya atapita."
Panya hatapita, ubao wa pembeni utafunika.
Hapo ndipo sakafu itakapojinyoosha masika,
na kiangazi irudi kukaa.
Ulinitazama kwa muda,
kama nesi anayesikia uongo wa mgonjwa,
kisha ukaondoa kidole.

Saa kumi mzee Mugide akaingia bila kuitwa,
na fimbo yake ambayo mpira wa chini ulishakwisha,
chuma kikachungulia.
Hatua ya kwanza: tap.
Hatua ya pili akayumba, akajiegemeza kwa uzito wote.
Kishimo kidogo, kama punje ya mtama.

Ulipiga kelele hadi jirani akazima redio.
Nikasema ninao ubao wa akiba, nitautoa huu, nusu saa tu.
Mzee akainama taratibu,
akakitafuta kwa kidole, akakipata.
"Kiacheni," akasema. "Nijue nilipoanzia."

Wewe hukujibu. Ulikwenda kutafuta mpira wa fimbo.

Nikang'oa kabari ukutani, moja moja: ishirini na sita,
ya mwisho ikanisumbua.
Mvua ikaanza juu ya mabati.
Nikasimama kizingitini, viatu mkononi,
nikiisikiliza sakafu.