Njia ya Tisa

Elfu kumi na nane, noti zimelala ndani ya bahasha ya mbegu,
na ndani ya bahasha bado mna mbegu tatu za sukuma.
Nazihesabu zote pamoja. Hali yangu ndiyo hiyo.

Chumba ninacho, alichokihama Shimenga alipopata kazi Eldoret.
Kitanda nimekisimamisha ukutani, godoro linameza mwangwi,
mablanketi mawili ya hospitali dirishani (usiniulize).
Maiki mbili. Kebo moja nzima, ya pili ina homa:
ukiikunja inasema, ukiinyoosha inazira.
Kumebaki miksa.

Injendi, fundi wa karibu na stendi ya Kakamega,
ananipangia tatu mezani
kama muuza kuku aliyesikia kwamba una wageni.

Ya kwanza mpya, nailoni bado i usoni.
Ina mwangwi wa namna kumi na sita: wa pango, wa kanisa, wa uwanja wa mpira.
"Mama, hii hata ukikohoa unakuwa kwaya."
Nikakohoa.
Kweli, nikawa kwaya.
Lakini ninayemngoja ni Senje Khasandi,
aje anisimulie walivyowatoa kumbikumbi ardhini
kwa kugonga vijiti viwili, ko-ko, ko-ko,
hadi wadudu wakaamini mvua imenyesha.
Sasa Senje nimtie pangoni, ili iweje?

Ya pili ndogo, bati gumu, njia nne,
haina maringo, haivumi, haina hadithi.
Maiki zangu mbili zingeingia na kubakiza nafasi ya mgeni.
Akili ikasema: beba hii.
Akili hukosea mara chache, ila haina uhondo.

Ya tatu.
Njia kumi na mbili, pana kama ubao wa kukatia nyama,
imetoka kwa kanisa lililogawanyika mara mbili
na mara ya tatu likakosa wa kugawanya.
Chini ya vitelezi, utepe wa karatasi, mwandiko wa kalamu ya wino:
Sop. Sop. Alto. Tena (amehama). Besi. Mch.
Ya nne imekufa, ya saba inaunguruma kama jokofu la jirani,
na ya tisa imeandikwa:
Mama Ludenyi — punguza.

Nikavaa hedfoni. Nikaipandisha hiyo ya tisa hadi juu.
Sssss.
Hamna mtu mle, najua, ni umeme na vumbi,
ila ilikuwa kama mwanamke anavuta pumzi kabla ya ubeti.
Jumapili ngapi alifungua kifua chote
na kidole cha kijana fulani kikamshusha, taratibu,
naye asijue, akidhani ni uzee?

"Hiyo nakuachia kwa elfu tisa," Injendi akasema. "Rahisi."
Rahisi ghali, nikamjibu; nikalipia ile ndogo.
Kisha nikamwomba utepe.
Akanitazama kama mtu aliyenunua unga
akaomba aongezwe harufu ya mkate.
Tukaubandua kwa wembe. Wa njia ya tisa tu.

Senje alikuja Alhamisi. Saa tisa mvua ya Kakamega
haikupiga hodi, ilishukia mabati yote kwa pamoja.
Nikanyoosha mkono kuzima.
"Acha," akasema. "Vijiti vyetu vilikuwa vya uongo.
Mwenyewe ndiye huyu amekuja."

Basi nikaivuta maiki ya pili, ile ya kebo yenye homa,
kebo nikaikunja, nikaikalia isije ikanyooka,
maiki nikailekeza dirishani, mvua ipate njia yake.
Chini ya kitelezi cha njia hiyo ndipo nilipoubandika utepe.
Senje anapandisha sauti. Mvua nayo inapandisha.
Kidole changu kiko juu ya punguza.
Kiko tu.