Kielelezo Nambari Moja

Barua ilisema: Tumekubali ombi lako.
Ikasema: Afisi haitagharamia nauli, chakula wala malazi.
Sentensi ya kwanza nilimsomea mama kwa sauti.
Ya pili niliisoma kimoyomoyo,
naye, kwa kuwa si mjinga, akauza jogoo wawili.

Chuo nacho kilidai karo ya miezi ile ya kutokuwepo chuoni
na bima ya ajali, shilingi mia tano,
nisije nikaangukiwa na faili.

Basi kila alfajiri kutoka Lurambi kwa miguu,
viatu vya kazi mkobani, kandambili miguuni,
hadi kwenye ukuta wa mahakama ya Kakamega
niliposimama kwa mguu mmoja kama korongo
nikijigeuza wakili.

Sikuwa wakili. Nilikuwa "wewe wa chuo".
Wewe wa chuo, toa nakala nne.
Wewe wa chuo, nani amehamisha faili za Jumanne?
Kifungu cha arobaini na moja nilikijua kama jina langu,
ujira wa haki kwa kila mfanyakazi,
ila mimi ni mwanagenzi:
neno moja tu, na kifungu kikanipita
kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto.

Wiki ya nne nikapewa faili ya Lihanda Shisia,
miaka hamsini na miwili, kibarua, wa Shinyalu.
Wizi wa toroli. Thamani: elfu nne mia tano.
"Nifupishie," Bi. Kadenyi akasema, "nusu ukurasa."
Maelezo yake kwa polisi yalikuwa mistari sita,
wa tano ukisema:
Nilimbebea mawe miezi mitatu. Kila Jumamosi aliniambia Jumamosi.

Niliurudia mstari ule mpaka mvua ya saa tisa
ikaanza kupiga mabati,
mvua ya huku, isiyokosa kazini.
Nikachukua penseli. Pembeni nikaandika:
siku sabini na mbili, mara mia tatu,
toa toroli,
inabaki elfu kumi na saba na mia moja.
Chini yake: Mwizi ni nani?
Kisha nikafuta swali, nikaacha hesabu.

Bi. Kadenyi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya.
Alikuwa na faili mia mbili na kompyuta moja ya kuzimika.
"Umepiga vizuri," akasema,
"lakini hiyo ni ya mahakama ya kazi.
Hapa tunashtaki toroli."
Akanyamaza. Halafu, bila kuniangalia usoni:
"Umekula?"
Nikasema nimekula.
Ushahidi huo haukurekodiwa popote.

Mlalamishi hakufika. Tukaahirisha. Hakufika.
Mara ya tatu hakimu akaifunga kesi
na Lihanda akabaki kizimbani, mikono nyuma,
kama mtu aliyeambiwa ajaribu tena Jumamosi.
Toroli ilikuwa stoo, gurudumu halina upepo,
lebo ikining'inia mkononi mwake
kwa mwandiko wangu, mzuri, wa kujipendekeza.

Siku ya mwisho nilikuwa niandikiwe barua ya sifa.
Bidii, nidhamu, kushika wakati, vyote vilikuwemo,
ila muhuri ulikuwa umekauka.
Wakanituma dukani nikanunue wino, mia na hamsini.
"Utarudishiwa Jumatatu."
Nilicheka peke yangu hadi mwenye duka akaniuliza kama ni mzima.

Langoni nikamkuta Lihanda na kofia yake mkononi.
"Wakili," akaniita,
na nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu.
"Wakili, ile toroli sasa ni ya nani?"

Vifungu vyote nilivyovijua vikapanga foleni,
kila kimoja kikimsukuma mwenzake mbele.
Wino ulikuwa umevuja, vidole vyangu buluu.
Nikaketi juu ya jiwe, nikavua viatu,
nikamwambia aketi.