Skrubu

Ililetwa Kivumbini juu ya mkokoteni,
magurudumu manne, na hakuna hata moja lililozunguka.
Taprandich aliinunua mnadani, upande wa Njoro,
kwa bei ya ndama.
"Fundi," akasema, "nataka ibebe maziwa Kuresoi,
masika, pale bodaboda hulala kifudifudi topeni."

Gathogo aliitazama injini,
ndogo kama sufuria ya chai ya watu watatu,
akacheka hadi spana ikamtoka mkononi:
"Hii ilikuwa ya mtoto!"

Nilianza na chujio la hewa.
Ndani panya alikuwa amejenga:
sponji ya kiti, makapi ya ngano,
karatasi ya peremende imekunjwa vizuri kama shuka.
Sikumlaumu. Nakuru hii, nani hatafuti nyumba?

Kabureta niliifungua juu ya gazeti la juzi.
Petroli ya zamani imekuwa gundi ya kijani,
jeti imeziba tii.
Nikaizibua kwa uzi mmoja wa kebo ya breki,
nikapuliza kwa mdomo,
nikaonja miaka ya kusimama.

Plagi nyeusi. Koili imekufa.
Ringi za pistoni zimelamba silinda hadi ikalegea.
Gathogo akasema tutie injini ya bodaboda,
ipo moja, ya pikipiki iliyogongwa Salgaa.
Nikakataa. Tukabishana siku tatu,
chai ikipoa, wateja wa kuziba pancha wakitusikiliza.
Siku ya nne sproketi ikatema meno mawili,
ikatuamulia.

Basi tukakata fremu, tukachomelea,
tukaazima gia ya kurudi nyuma kwa tuktuk mzee,
maana miteremko ya Kuresoi haikupi pa kugeukia.
Nyuma nikaweka kichanja cha vyuma vya dirisha,
mitungi miwili ya maziwa, kamba nne.
Mwenye ile injini ya Salgaa hatukumuulizia.

Ndipo nikafika kwenye kibonyezo cha mafuta.
Pale kidole gumba kinapokaa
palikuwa na skrubu fupi, imezama karibu yote.
Ni skrubu ya mzazi.
Ukiikaza, mafuta hayafunguki kupita robo;
mtoto hubana kwa nguvu zake zote
akidhani amefika ukingo wa mwendo,
kwamba mbele ya hapo dunia haina kasi nyingine.

Nikaitoa polepole.
Shingoni mwake, alama tatu za rangi ya kucha, nyekundu:
mtu alilegeza kidogo, akatia alama,
akangoja,
akalegeza tena.
Ya nne haipo.

Nilimuuliza Taprandich kwa simu, muuzaji nani.
"Mnada ni mnada," akasema,
"nyumba ilikuwa inahamwa."
Nikafuta mikono, nikaitia skrubu mfukoni,
nikaendelea na waya za taa.

Iliwaka Alhamisi, teke la sita.
Moshi mweupe, halafu wa bluu, halafu hakuna moshi.
Gathogo aliizungusha mpaka kwenye posho mill na kurudi,
magoti masikioni, akipiga kelele kama bwana arusi.

Kesho Taprandich anakuja na salio.
Leo jioni uwanja mtupu,
na Nafuna wangu ametoka shule, soksi moja imeshuka,
amesimama kando ya ile mashine haongei.
Ana miaka tisa. Huongea sana, kwa kawaida.
"Mara moja tu, baba."

Nikapapasa mfukoni, kati ya nati na shilingi kumi.
Nikairudisha skrubu mahali pake,
nikaikaza hadi alama ya kwanza,
kisha, sijui kwa nini, nusu mzunguko zaidi.

Akapanda. Akabana kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.
Vumbi likainuka, likafika magotini, likachoka.
"Baba! Umeona inavyokimbia?"

Nilikuwa natembea kando yake, mkono kwenye kichanja.
Nikamwambia, naona.
Nikamwambia, punguza kidogo.