Ngozi ya Kukopa

Zamani zilimwagwa. Snjólaug anakumbuka
shakwe wakizigombania gatini, Ísafjörður:
ngozi za chewa, utelezi, magamba, uvundo.

Sasa anazipokea kwa glavu mbili mbili.
Anazikwangua, anaziosha kwa magadi
mpaka mafuta yaachie,
kisha siki kali, siku tatu, baridini.
Joto likipanda kidogo tu
kazi yote inageuka uji.

Mwishoni ni unga. Mweupe, mwepesi,
husikii bahari hata ukiunusa.
Mwingi unaondoka kwa vichupa
kwenda kwa wanaogombana na vioo.
Hayo hayamhusu.

Anachowaza ni kile kipande kisichosagwa,
kikavu kama karatasi,
alichobandikwa baba yake
kidonda kilipokataa kufunga, miezi tisa.
Hakikubanduliwa tena.
Nyama ilipanda juu yake, ikakishika,
ikakifanya chake.

Bersi, aliyepasua chewa miaka arobaini,
ananyoosha mguu juu ya kiti:
“Pita mbali na hicho kisu, binti.
Mimi nami sasa nina magamba.”

Snjólaug anacheka kidogo,
anavaa glavu.
Ndoo kumi na nne zinangoja,
na nje shakwe wamejipanga ukutani,
bado wana tamaa.