Kilo Kumi na Saba na Robo

Kabla ya safari nililitundika shanta
kwenye mzani wangu pale Mwaloni, Kirumba,
ndoano ileile ya magunia ya dagaa.
Kilo kumi na saba na robo.
Kabula akacheka: "Baba, tunakwenda kutembea
au unahama?"

Mchele. Sufuria. Chupa ya chai.
Redio na betri za akiba.
Mto wa kulalia, maana shingo yangu ina masharti.
Miaka ishirini na sita nasoma mshale;
gunia lililotiwa mchanga nalijua kwa macho,
ila sikujua kilo kumi na saba ni ngapi
zikiwa mgongoni, njia inapopanda.

Kutoka Nkome mtumbwi wa injini
ukatushusha Rubondo.
Mchanga hatua kumi tu, kisha msitu.
Bugingo, askari wa hifadhi, hakuingia vivi hivi:
aligonga shina la mtini kwa kitako cha bunduki,
mara mbili, akasubiri kidogo,
ndipo tukapita.

Humo ndani jua ni chenji,
sarafu chache zilizodondoka majanini.
Mizizi imelaliana kama nyavu zilizokosa wa kuzikunjua.
Ndege mmoja aliuliza swali lake tangu saa tatu
mpaka saa sita. Hatukumjibu.
Mbu walituhesabu.
Nilimwomba Kabula anisaidie mto. Akakataa.
Nikaubeba.

Sokwe hatukuwaona.
Tuliona vitanda vyao juu, matawi yaliyokunjwa,
na ganda la tunda lenye alama za meno,
bado linatoa maji.
"Mababu zao waliletwa na meli," Bugingo akasema,
"kutoka vizimba vya Ulaya. Hata kutandika juu ya mti
hawakujua."
"Nani aliwafundisha?"
Akakwangua tope kwenye buti lake, akakwangua na la pili.
"Giza."

Usiku ule mvua ilinyesha juu ya majani
muda mrefu kabla haijatufikia,
kama habari ya msiba
inayopita kwanza kwa majirani.
Kisha ikafika.
Kiboko alikuwa nje anakata nyasi,
namsikia anavyotafuna, hana haraka.
Redio iliingia maji, ikanyamaza katikati ya taarifa.
Kabula alilala mdomo wazi, kama alivyolala tangu zamani.

Jina lako ni la mvua, mwanangu.
Ulizaliwa siku ambayo Kirumba yote ilikuwa tope
na mimi nilikuwa zamu: mzigo wa Ukara umeingia,
wenye mali wanagombana na mshale.
Shangazi yako Nyanzala akaniletea kikaratasi:
kilo mbili, gramu mia nane.
Nikakisoma. Nikakitia mfukoni.
Nikaita gunia linalofuata.

Asubuhi ulitangulia wewe.
Shanta lako dogo, kamba zimekazwa sawasawa,
kisigino chako kikiacha shimo topeni
na maji yakilijaza kabla sijafika.
Nilitaka kusema kitu.
Nikasema, "Angalia siafu."
Ukaruka. Nikaruka, kwa namna yangu.

Jumatatu, kabla ya magunia,
nililitundika tena shanta.
Mchele tulikwisha kuula, chai tulikwisha kuinywa,
betri nilimwachia Bugingo.
Kilo kumi na tisa.
"Mzee, umeiba mawe ya serikali?" vijana wakapiga kelele.
Nikaeleza: blanketi limelowa, tope,
na mto, mto umekunywa kisiwa kizima.

Wakatoka kupakua. Nami nikabaki.
Shanta linadondosha matone
kwenye sakafu yenye magamba,
na kwa kila matone mengi
mshale unarudi nyuma unywele mmoja.
Daftari liko wazi. Kalamu iko sikioni.
Nje mtu anaita, "Mpimaji! Mpimaji!"

Bado, nikasema.
Bado.