Penseli ya Koplo Nyaketcho

Zamu ya usiku, ghala la silaha, kambi ya polisi Tororo.
Bunduki zimehesabiwa, kufuli limeitika.
Koplo Nyaketcho anakunja gazeti la juzi mara nne,
anachonga penseli kwa wembe,
ananiambia: Konstebo, kubahatisha ni wizi.

Vijumba themanini na kimoja,
ishirini na vinne tu vina wenyewe.
Yaliyo rahisi tuliyamaliza chai haijapoa.
Sasa tumefika pale ambapo macho hayatoshi:
kila kijumba kitupu kina wagombea wake,
wamebanana pembeni, wadogo kama chawa.

Tazama mlalo wa tatu.
Hapa ni mbili au tisa. Pale ni mbili au tisa.
Kama mapacha wangu, Opio na Odongo, na vitanda vyao:
nani kalala kipi sijui, wala sihitaji,
ila mgeni akija atatafuta mkeka.
Akafuta mbili. Akafuta tisa.
Mlalo mzima ukashusha pumzi.

Sikujua kwamba kutojua
nako kunaweza kufanya kazi.

Kisha saba: mlalo wa pili, mlalo wa nane,
nafasi mbilimbili, wima zilezile.
Pembe nne, walinzi wawili, daima mshazari.
Wageuze upendavyo, wima hizo zimeshalindwa;
saba nyingine zote, nje.

Kisha mnyororo.
Ukisema nne, napita kushoto, nashuka, nakata kona.
Ukisema sita, nazunguka nyuma kabisa.
Njia zote mbili zikafika mlango mmoja
na mlangoni pameandikwa: si tano.

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri
tano mbili zikakutana mlalo mmoja.
Badilisha moja tu, Afande, nikasema, nani ataona?

Alinyamaza hata nikasikia lori likipanda gia kuelekea Malaba.

Bunduki moja ilipungua, akasema, mwaka kabla hujaja.
Wenye ufunguo walikuwa wawili.
Nikachagua Emojong.
Siku kumi na moja alilala selo,
na bunduki iko kwa fundi, Mbale,
imeandikwa ukurasa wa nyuma wa daftari hilihili.
Sahihi ni yangu.

Akafuta kila kitu, isipokuwa vile ishirini na vinne.
Karatasi ilikaribia kutoboka.
Akapuliza vumbi la raba, akachonga tena.
Dirishani Mwamba ulikuwa unaanza kupata kingo.

Mlalo wa kwanza, akasema.
Nani hawezi kukaa hapa?