Koo la Kuazima

Nianze na dhambi, ndivyo nilivyolelewa:
napenda roki.
Si ile ya upole inayopigwa harusini watu wakila pilau.
Naipenda inayokwaruza,
gitaa likilia kama bati linaloburutwa
juu ya sakafu ya ghala,
na ngoma nyuma yake haziombi radhi.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Karani wa korosho, Mkuti, Masasi.
Siku sita nagonga mihuri na kubishana na mizani,
ya saba naimba sauti ya pili kwaya ya parokia.
Mwenyekiti, Bwana Nakoma, aliniuliza mbele ya watu:
"Mama Eufrasia, makelele yale yana wokovu gani?"
Nikautazama mlima Mtandi kupitia dirishani,
jiwe zima limesimama, halijielezi kwa mtu.
Maandiko yanamwita Mungu mwamba.
Sijaona yalipomwita godoro.

Ukuta kwa ukuta nami kuna msikiti mdogo.
Transfoma moja inatulisha.
Umeme ukikatika, na huku unakatika
kama ahadi ya mdeni,
tunanyamaza wote papo hapo.

Alhamisi usiku wana zikiri.
Zamani nilifunga dirisha, mama alinifundisha hivyo.
Mwaka ule komeo lilipovunjika
nikasikia pumzi: wanaume arobaini
wanalivuta na kulitoa jina moja,
chini, kifuani, linakatika, linarudi,
na mkono wangu wa kulia, bila ruhusa yangu,
ukaanza kupiga nyuzi juu ya paja.
Naujua mdundo huu, nikasema.
Huu ndio ninaoutafuta tangu nikiwa msichana.

Masika yaliyopita spika yangu iliungua.
Nikampelekea Shaweji, fundi redio wa karibu na stendi.
Akakaa nayo majuma matatu,
akairudisha na sauti nisiyoijua:
ina ukwaruzo, ina kitu kama njaa.
"Umeweka nini humu?"
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Kipaza cha msikiti kilichoka, wamenunua kipya.
Nimetoa koo lake."

Sikulala.
Miaka kumi na tisa koo lile liliniamsha alfajiri,
likisema kusali kunashinda kulala,
nami nililinung'unikia chini ya shuka.
Sasa limo sebuleni, chini ya rozari,
linaunguruma ninachotaka mimi.

Asubuhi nikajifunga kanga, nikaenda kwa Shehe Bakiri,
rika la mwanangu wa pili, anauza vocha na betri,
kutubu, sijui kutubu nini.
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Linalia vizuri?"
Mno, nikasema.
"Alhamdulillahi. Ila si wakati wa isha."

Hatuamini mamoja.
Yeye hamjui Mungu mwenye Mwana,
mimi bila Mwana huyo sina pa kusimama.
Hilo hatujalimaliza, na sidhani tutalimaliza
kwa vocha ya shilingi elfu moja.
Kwenye mkutano wa amani pale halmashauri
tulipewa soda, tukapigwa picha, tukasomewa kaulimbiu.
Sikuona pa kulisimulia koo.
Bwana Nakoma hajui mpaka leo.

Jana umeme ukakatika katikati ya adhana ya magharibi.
Sauti ya Bakiri ikabaki mdomo mtupu,
ikayumba kidogo kama ya mtu mwenye mafua,
ikaendelea.
Nikaweka gitaa chini.
Nikangoja adhana iishe, sala iishe,
ndara ziondoke barazani, jozi kwa jozi.
Taa hazikurudi.
Nikapiga hivyo hivyo, nyuzi kavu,
sauti ndogo kama panya ndani ya gunia.

Upande wa pili wa ukuta mtu akakohoa.
Kumbe jozi moja haikuondoka.